Mwaka wa Kijana Asiyekuwapo

Kazi yangu ni kuwauliza watoto wa darasa la mwisho wanataka kuwa nini maishani, halafu kuandika majibu yao kwenye fomu. Nimeifanya miaka kumi na minne katika shule moja ya huku kwetu Hewa Bora, Lubumbashi, na mtu akiniuliza mimi swali hilohilo nitamwomba anipe mpaka kesho. Watoto wananiita Madame wa Orientation. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya mipira na nyavu, na mpaka leo inanuka mpira.

Fomu yenyewe ina mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Watoto huijaza kama watu wanaoagiza chakula. Udaktari, sheria, uhandisi. Au uhandisi, udaktari, sheria. Nikimwuliza mmoja kwa nini sheria, ananijibu, "Papa alisema." Nikimwuliza wa pili kwa nini udaktari, ananitazama kama nimemtukana mama yake. Mwanzoni nilikuwa nagomba. Siku hizi naandika tu, napiga muhuri, namwita mwingine.

Tena sina haki ya kugomba. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na siku nilipomaliza masomo alikwisha kuongea na masista kuhusu ualimu kabla sijavua sare. Sikulia wala sikufurahi. Nilikwenda tu, nikawa mwalimu, na sasa nina miaka hamsini na mbili na sijui kama niliupenda ualimu au niliuzoea.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo mgeni hulicheka. Mtoto akizaliwa, baba humpa cheo. Simaanishi jina la ubatizo, maana hilo linabaki kwenye karatasi. Nasema cheo: Ingénieur, Maître, yaani wakili, Docteur, Président. Anaitwa hivyo tangu anatambaa. Katika mtaa wangu kuna Ingénieur ambaye hajui kufunga kamba za viatu, na Président mmoja nimemfukuza mara mbili juu ya mpera wangu. Tunacheka, lakini ukiitwa hivyo kwa miaka kumi na tano na sauti ileile ya baba yako, kila asubuhi, sidhani kama unabaki na mahali pa kucheka.

Msichana ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa Docteur. Baba yake anauza vipuri vya magari, mtu wa ukoo wa Kasai aliyezaliwa hapahapa, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alikuwa na wavulana watatu kabla yake na hakumpa hata mmoja cheo hicho. Alikuwa anakihifadhi. Alipozaliwa huyu, akasema, huyu ndiye. Na kweli mtoto akawa na kichwa. Kemia, biolojia, hisabati, kote alikuwa wa kwanza au wa pili. Majirani wakiumwa tumbo walikuwa wanamwambia yeye kwanza, kwa utani, halafu polepole utani ukaisha wakawa wanamwambia kweli.

Alikuja ofisini mwezi mmoja kabla ya mtihani wa serikali. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia fomu kichwani mwangu: udaktari, udaktari, udaktari, nenda zako. Akakaa, akaitazama fomu, akanirudishia nyeupe.

"Madame, siyue."

Katika miaka kumi na minne sikuwahi kuambiwa neno hilo, sijui, na mtoto wa darasa la mwisho. Nilikasirika. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilikasirika kama mtu aliyeharibiwa kazi yake.

"Hauyue nini? Weye iko Docteur."

"Banaanza kuniita vile tangu niko natambaa," akasema. "Lakini hata siku moya sijagusa mugonjwa. Mutoto wa jirani alijikata muguu na chupa, bakamuleta kwetu: Docteur, angalia. Nilikimbia mu chumba, nikafunga mulango. Bakafikiri natafuta dawa."

Alisema bila kulia. Akaendelea kunieleza alichotaka, na alikuwa amekipanga vizuri kuliko wazazi wengi ninaowajua. Mama yake mdogo ni muuguzi kule Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwetu, kando ya ziwa, kwenye kituo kidogo cha afya. Mwaka mzima amekuwa akiomba apelekewe mtu wa kumsaidia kazi, za nyumbani na za kituoni. Msichana alitaka kwenda huko mwaka mmoja. Ashike ndoo, aoshe vidonda, aone damu.

"Kama naweza, nitarudia nisome. Kama siwezi, heri niyue mbele ya miaka saba ya masomo. Mwaka moya tu, Madame. Unisemeye kwa papa."

Sasa, mwaka wa namna hiyo kwetu hauna jina. Mtoto aliyemaliza shule asipoendelea mara moja, tunasema "anaikala tu", yaani anakaa tu, na likishasemwa hilo watu hushusha sauti kama wamepita karibu na msiba. Ama baba hana uwezo, ama mtoto hana akili, ama kuna mimba. Sababu ya nne haipo. Nami nilikuwa na ushahidi wangu mbaya: zamani kidogo nilimshauri msichana mwingine apumzike mwaka mmoja, achague kwa utulivu. Katika mwaka huo akapata bwana na mapacha. Nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri sana, nami natafuta njia ya kupita upande mwingine.

Kwa hiyo nilimwambia nini? Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri wiki mbili. Asubuhi nilikuwa naona ana haki kabisa, mchana nikimwona baba yake amesimama dukani kwake katikati ya redieta na mikanda, naona ni dhambi kumwendea mtu kama yule na jambo kama lile. Mwishowe, mtihani ulipokwisha, msichana akanijia tena, hakuuliza kitu, akasimama tu mlangoni. Nikasema haya, nitakwenda.

Nilidhani nitakwenda peke yangu, jioni moja, nikae dakika ishirini. Mume wangu aliposikia akaweka kijiko chini.

"Peke yako? Utasema na papa wa mutoto, juu ya mutoto yake, muke peke yake? Hapana. Tunaenda bote. Na tena siyo mikono bule. Bale bantu banaheshimu mambo."

Mume wangu ni mtu wa kaskazini, mtoto wa wachimba migodi, na heshima kwake ni jambo la kupimwa kwa vitu vinavyoshikika. Nikampigia simu baba wa msichana, nikasema tungependa kuwatembelea Jumapili baada ya misa, mimi na bwana. Sikumwambia sababu, kwa kuwa jambo la mtoto halisemwi kwenye simu. Naye hakuuliza, kwa kuwa mgeni anayejitangaza haulizwi. Akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya polepole, kwamba tutakaribishwa.

Jumapili nikavaa kitenge changu kizuri, kile cha harusi ya dada yangu, na kilemba. Mume wangu akavaa koti. Kwenye buti la gari tukaweka kreti ya soda. Nasimulia hivi nikiona yote waziwazi, na mtu yeyote wa Lubumbashi anayesoma hapa amekwisha kushika kichwa. Mwanamume na mwanamke, Jumapili, saa nane mchana, wamevaa namna ile, wana kreti, wanakwenda kwenye nyumba yenye binti aliyemaliza shule, na hawajasema sababu. Mimi mwenyewe nikiwaona watu hao barabarani ningejua wanakwenda kuchumbia. Sikujiona. Nilikuwa na hotuba yangu kichwani tu, naipanga na kuipangua.

Tulipofika niliona viti vimetolewa vingi mno. Baba alikuwa amevaa suti. Pembeni yake alikaa mdogo wake, baba mdogo wa msichana, na dada yao mkubwa, yaani shangazi mtu, mwanamke mpana mwenye kimya kizito. Mama wa msichana alitusalimia akiangalia chini. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana adabu kiasi hiki. Nikakaa. Mume wangu akaleta kreti, akaiweka katikati ya sebule, na baba mdogo akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mume wangu akaanza kusafisha koo. Baba mdogo akainua mkono.

"Bwana, pole pole. Kreti haikuye bule, tumeona. Mbele musikie yaya, mukubwa wangu."

Ndipo baba akasimama. Alikuwa amejiandaa, hilo lilionekana. Aliongea kuhusu mji huu, namna baba yake alivyoufikia na sanduku moja, namna alivyosomesha watoto. Mimi nilikuwa nangoja nafasi ya kuingia. Halafu akasema:

"Siye hatukatae. Madame tunamuyua, ni muntu wa masomo. Bwana yake tunamuona ku misa. Kama kijana iko wa mu nyumba ile, hatukatae. Lakini musitusukume. Mutoto ametoka sasa ku masomo, amechoka. Apumue. Mwaka moya. Aende ku Kilwa kwa mama yake mudogo, ayue kazi, akomale. Inivasite haina miguu, haitakimbia. Nyuma ya mwaka, kijana wenu akuye, tutasemezana."

Nilisikia masikio yananiwaka. Kijana wenu. Mume wangu na mimi tuna mabinti wawili, basi. Hatuna kijana. Nadhani walikuwa wamejijazia wenyewe, labda mpwa, labda mtoto wa ndugu, kila mtu mtaani ana mpwa.

Na hapa ndipo ninapojichanganya hadi leo, kwa hiyo nitaeleza polepole. Kitu nilichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi: kucheka, kuomba radhi, kusema hatukuja kwa hilo. Badala yake niliona kwamba msichana amekwisha kuupata mwaka wake. Upo pale, umesemwa kwa sauti mbele ya mashahidi, hata Kilwa imetajwa. Sikuhitaji kusema hata neno moja la hotuba yangu. Nilihitaji kunyamaza tu. Mwaka ungepita, kijana asingekuja, tungetafuta uongo wa kumwondoa, msichana angekuwa amekwisha kuona alichotaka kuona.

Tena nilikuwa na hasira. Baba huyu, ambaye binti yake aliogopa hata kumnong'oneza, anatoa mwaka mzima kwa kijana ambaye hajamwona sura! Chuo kikuu hakina miguu? Tangu lini? Nilitaka kumwuliza hivyo, na wakati huohuo nilitaka kumshukuru, na wakati huohuo nilitaka kutoka nje. Mume wangu akanigonga kiatu kwa kiatu chake chini ya meza. Nikavuta mguu wangu. Nikanywa soda niliyoletewa na mama wa nyumba.

"Tumesikia," nikasema. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, silikani.

Shangazi mtu ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza, sijui niseme lipi. Alisema kwa desturi yao mtoto lazima aulizwe. Msichana akaitwa. Alitoka nyuma ya pazia la ukumbi, karibu mno, ikaonekana kwamba alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. Alivaa gauni jipya ambalo bila shaka alivalishwa. Hakunitazama.

"Docteur," shangazi akasema, "unabayua hawa?"

"Ndiyo, tantine."

"Tupokee kreti, ao turudishe?"

Kwetu swali hilo linajibiwa kwa neno moja, na mtoto akishajibu jambo limekwisha. Nilimwombea aseme mpokee. Nilimwombea kweli, nimekaa na soda yangu mkononi, mimi mtu mzima, namwombea mtoto wa watu aseme uongo. Yeye akaangalia kreti muda mrefu.

"Mupokee, maana Madame alikuya na roho muzuri," akasema. "Lakini hakukuya juu ya bwana. Hakuna kijana. Miye njo nilimutuma, akuombe mwaka. Papa, ule mwaka umesema sasa hivi, njo ninataka. Lakini ukuwe wangu."

Baba mdogo aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Hakuna mwingine aliyecheka. Baba alibaki amesimama na suti yake. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, halafu akatoka uani, tukasikia viatu vikiburuzwa, geti likifunguliwa. Hakurudi. Mama akafungua chupa mbili za kreti, akatuambia tunywe, tunywe, kana kwamba soda ndiyo iliyobaki ya kuokolewa. Mume wangu aliomba radhi mara sita au saba kwa Kifaransa, lugha anayoitumia akiwa na hofu. Mwisho wavulana wa nyumba wakabeba kreti wakairudisha kwenye buti letu, chupa zote zimejaa isipokuwa mbili.

Msichana alitusindikiza hadi garini. Nilidhani atanishukuru au atalia.

"Madame," akaniuliza sababu, "ulinyamaza juu ya nini?"

Nikafungua mlango. Mume wangu akawasha gari. Nikaingia, nikaufunga.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Mume wangu alisema mambo ya watu yanapoa yenyewe, akaweka ile kreti jikoni, tukawa tunakunywa soda za aibu zetu moja moja kila jioni. Mimi nilikuwa sijui ninajutia kipi: kwenda, kunyamaza, au kutoianza hotuba yangu tangu mlangoni. Yule mtoto alikuwa na mwaka mkononi akauacha uanguke kwa sababu haukuwa na jina lake. Mimi ningeuchukua. Katika umri wake ningeuchukua, na katika umri wangu pia nilikuwa nimekwisha kuuchukua. Ndilo lililoniuma.

Matokeo yakatoka. Siku ya matokeo huku kwetu huwezi kufanya kazi: simu zinalia, watu wanapiga kelele, na kila aliyefaulu anamwagiwa poda ya watoto kichwani hadi anakuwa mweupe, anatembezwa mtaani. Nilikuwa natoka dukani nikaliona kundi lao likija. Alikuwa mweupe hadi kope. Baba yake alikuwa mbele ameshika kopo la poda juu kwa mikono miwili, anaimba, anacheza, sauti yake imekwisha kukauka: "Docteur! Docteur wangu!" Akanipita kama hakuniona. Msichana aliniona. Alikuwa anatabasamu, maana mtu akimwagiwa poda lazima atabasamu, na sikuweza kusoma chochote chini ya ule unga. Nikasema basi, limekwisha. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu limekwisha, akasema afadhali.

Siku ya tatu baba yake akaja ofisini kwangu. Hakuwa amewahi kufika hapo. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, kidogo, magoti juu. Alikuwa amenyoa, ameoga, lakini nyuma ya sikio bado palikuwa na mstari wa poda. Niliangalia poda hiyo muda wote aliokuwa akiongea, kwa kuwa sikuweza kumwangalia machoni.

"Ile siku," akasema, "ulikuwa unayua siye tunafikiri mumekuya juu ya bwana?"

"Niliyua pale ulisema kijana."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza, papa."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa na wiki nzima za majibu. Yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli peke yake.

"Siyue," nikasema.

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alichukua fomu tupu moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Silale, Madame," akasema. "Namumwangia mutoto poda, naimba, lakini mu kichwa nasikia maneno yangu mwenyewe. Nilipatia kijana ya bantu mwaka muzima, na ile kijana haiko. Yangu iko. Anakula mu sahani yangu. Anaogopa hata kuniomba. Nimekuwa baba wa namna gani?"

Mtu yule mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara alikuwa anaongea chini kiasi kwamba niliinama kumsikia. Nikamhurumia sana, na nikaona haya kwamba nilikuwa nimemchukia sebuleni kwake.

"Na kama akienda, hatarudia?" akaniuliza. "Kama atabaki kule, auze samaki? Kama ataona damu, akatae kabisa?"

"Siyue, papa."

"Weye njo mwenye kazi ya kuyua!"

"Njo kazi yangu. Lakini siyue."

Tukatazamana, na nusura tucheke. Akaniomba kalamu. Akauliza mwaka wa namna hiyo unaandikwa wapi, kwa maana aliona mistari mitatu tu na yote inauliza kitivo. Nikamwambia fomu haina mahali pake. Akafikiri. Halafu kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma kwa mapadre, akaandika: Kilwa. Ile miwili akaiacha. Nikapiga muhuri, nikijua hakuna ofisi yoyote itakayoipokea, nikaiweka kwenye faili pamoja na madaktari na mawakili wengine.

Lori la Kilwa liliondoka siku ya Jumanne asubuhi. Ni njia mbaya, siku mbili ukiwa na bahati, na abiria hukaa juu ya mizigo. Nilikwenda kumuaga, ingawa hakuna aliyeniita. Mama alikuwa analia na kumpangia chakula kwa wakati mmoja. Baba alikuwa amenunua jozi ya buti za mpira, maziwa ya unga, tochi mbili, na alikuwa anagombana na dereva kuhusu mahali pa kumketisha. Msichana alipanda. Alikuwa na khanga kichwani dhidi ya vumbi, na kutoka chini alionekana mdogo kuliko nilivyodhani. Alinipungia mkono. Sikujua kama amenisamehe, na bado sijui, maana mwaka haujaisha na ujumbe wake ni mfupi: wako wazima, mvua ni nyingi, amejifunza kufunga bandeji.

Dereva akawasha injini. Baba akasogea mbele, akafungua mdomo, nikajua atakachoita, kila mtu pale alijua. Akasita. Kisha akamwita kwa jina lake, lile la ubatizo, ambalo mimi nililijua kwa sababu tu liko kwenye orodha ya darasa. Lilitoka vibaya, kama neno la lugha ya kigeni.

Msichana hakugeuka. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo kwa sauti ile. Akaendelea kufunga mzigo wake, lori likaanza kusogea, na baba yake akakimbia kidogo pembeni, na suruali yake nzuri, akaita mara ya pili.